Kipande Cheupe Nyuma ya Machinjio

Machi 3, Jumatatu

Mvua imeanza leo saa nane mchana, wiki nzima kabla ya siku waliyotangaza watabiri wa hali ya hewa, na mimi nilisema. Ijumaa nilimwambia Mkuu wa Kitivo kwamba kumbikumbi wameanza kuchungulia kwenye nyufa za ukuta wa maktaba, akacheka. Leo kalowa mpaka soksi. Sikumcheka sana.

Daftari hili nimepewa na Baba. Ni la kazi yake ya zamani ya upimaji ardhi, jalada gumu la kijani, kurasa zimechorwa safu za vipimo, na ndilo pekee lililobaki tangu astaafu. "Andika masika yote," kasema. "Usiandike namba tu, namba unazo za kutosha." Ana miaka themanini na mmoja, anaishi kwangu, na bado ananipa kazi za nyumbani. Nimelipokea kwa mikono miwili.

Basi nijitambulishe. Mimi ni mhadhiri mwandamizi wa jiografia ya mazingira. Nafuatilia wanyama wanaoishi mjini bila kualikwa: kunguru, nguchiro, na zaidi ya wote kenge. Wanafunzi wananiita Mama Kenge wakidhani sisikii. Nasikia, na napenda. Miaka kumi na mitatu iliyopita nilichora Ramani ya kenge wa jiji zima, mfereji kwa mfereji, na tangu hapo hakuna anayeandika juu ya wanyama wa mjini bila kunitaja. Ramani imetundikwa ofisini kwa Mkuu wa Kitivo, kwenye korido ya halmashauri ya jiji, na chooni kwa mwenzangu mmoja ambaye sitamsema. Tarehe 29 Mei kamati itakaa kuamua kama niwe profesa. Sioni watanikatalia kwa lipi.

Machi 5

Mvua. Mihadhara miwili. Binti yangu kapoteza mwavuli wa tatu mwaka huu na anasema umepotea wenyewe.

Machi 10

Barua kutoka halmashauri. Wataufunika mfereji mkuu kwa zege, kuanzia darajani hadi nyuma ya machinjio, juu iwe njia ya waenda kwa miguu. Ukurasa wa nne kuna Ramani yangu, na chini yake: "Kwa mujibu wa utafiti wa Daktari, sehemu ya nyuma ya machinjio haina kenge. Kazi haitaathiri wanyama." Wanaomba saini yangu kabla ya tarehe 30 Aprili.

Mkuu wa Kitivo alikuja nayo mwenyewe, mbio, kama kaleta posa. "Dada, unaona? Jiji zima linajengwa kwa ramani yako! Weka saini, nakala tunaipeleka kwenye kamati."

Nilishafungua kalamu. Nikaifunga tena, na naandika ukweli hapa: si kwa busara. Nilitaka Baba aone kwanza jinsi halmashauri inavyonitaja.

Baba alitoa kioo chake cha kukuzia kwenye kitambaa, akaisoma barua, kisha akahamia kwenye Ramani. Alikaa juu ya karatasi ile mpaka chai ikapoa.

"Hapa pana nini?" Kidole chake kilikuwa juu ya kipande cheupe nyuma ya machinjio, kidogo kama ukucha.

"Hapana kitu, Baba. Nyeupe."

"Ulifika?"

"Mwaka ule mvua ilikuwa—"

"Sijakuuliza mvua. Ulifika?"

Nikachukua kikombe changu. Akanikumbusha sheria ya ofisi yao, ambayo nimeisikia tangu nikiwa sijaota meno ya mbele. Mpimaji akishindwa kufika mahali, anaandika kwa wino palepale kwenye ramani "sikufika", na sababu, na tarehe, ili atakayekuja baada yake ajue pa kuanzia. Aliyeacha cheupe kitupu alirudishwa nyumbani. Nikamwambia ramani ya kisayansi si ramani ya viwanja. Nilimwambia kwa ile sauti ninayowatolea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Akakikunja kioo kwenye kitambaa chake akaenda chumbani bila kuniaga.

Machi 11

Mvua. Baba na mimi tunazungumza kwa kupitia binti yangu. "Mwambie mama yako chai ipo." "Mwambie babu yako nimesikia." Mtoto anasema ataanza kudai mshahara.

Machi 14

Nimekwenda machinjio. Nilijiambia naenda kuthibitisha kwamba hakuna kitu, nisaini, Baba anyamaze.

Nilisimama getini kwanza kwa dakika kadhaa. Harufu ilikuwa ileile na tumbo langu likaikumbuka. Nitayaandika hayo siku nyingine.

Ndani, mwanamke wa miaka sitini hivi alikuwa anaosha sakafu kwa mpira wa maji mrefu kuliko korido. Wachinjaji wanamwita Mama Mpira. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuacha kazi. Nikamweleza mimi ni nani, chuo kikuu, utafiti, miaka kumi na mitatu. Nadhani niliongea sana.

"Unatafuta kenge," akasema.

"Nataka kujua kama wapo."

Akacheka mpaka maji ya mpira yakanirukia. "Mwenzangu, wewe subiri saa moja na dakika arobaini. Mkaguzi hachelewi."

Saa moja na dakika arobaini kamili asubuhi, maji ya sakafuni yalipoanza kumiminika mferejini, alitoka kwenye nyasi za ukingoni. Kenge jike, urefu unakaribia mita mbili, amekatika kidole kimoja cha mguu wa mbele wa kushoto. Akatembea taratibu kando ya maji akiangalia kila kilichopita, vidole nusu ndani ya matope, ulimi nje ndani. Kweli ni mkaguzi, alikosa faili tu. Nyuma yake wakaja wadogo watatu.

Nimefundisha habari za kenge miaka ishirini, na leo nimesimama mdomo wazi kama mtalii.

"Wako hapa tangu lini?"

"Mimi nimeajiriwa mwaka wa kumi na tisa huu. Nimewakuta."

Nimerudi nyumbani nimelowa. Baba aliniangalia mabuti, akaona matope mekundu ya machinjio. Akanimiminia chai mwenyewe, na mtoto akatangaza kwamba amejiuzulu kazi ya ukalimani.

Machi 17

Mvua. Mkaguzi saa moja na dakika arobaini na mbili. Kenge sita.

Machi 19

Mvua. Mkaguzi saa moja na dakika arobaini. Kenge tisa. Nyuma ya ukuta kuna vichuguu vinne vya mchwa vimejipanga juu ya ukingo, na kenge jike wa jamii hii hutaga ndani ya kichuguu, mvua ikishalainisha udongo. Kama wanazaliana hapa, basi cheupe changu ndicho kitovu cha kenge wa jiji zima.

Machi 20

Mvua. Nimechelewa mhadhara. Nimefundisha na mabuti.

Machi 27

Leo nimekutana na mhandisi wa halmashauri palepale mferejini. Nilikwenda nimejipanga kwa vita. Nilitegemea mtu mwenye kitambi na simu tatu. Akaja kijana mwembamba, viatu vimeng'arishwa, akaviangalia, akaangalia matope, akashuka hivyo hivyo.

"Mradi wako unafunika mazalia ya wanyama," nikamwambia.

"Mwalimu, ramani yako ni nyeupe hapa."

"Nyeupe hapa maana yake hatukupima!"

"Nilitafuta maana ya nyeupe kwenye ufunguo wa ramani. Haimo. Nikaisoma makala yote na viambatisho vyake. Haimo."

"Ulipaswa kuniuliza."

Akavitazama viatu vyake vilivyojaa matope, kwa adabu ambayo iliniudhi. "Nilikuuliza, Mwalimu. Nilikuandikia mara mbili mwaka jana."

Nilimwambia haiwezekani. Nimerudi ofisini nimefukua barua pepe za mwaka jana. Ya kwanza ipo, sikuifungua. Ya pili ipo, na jibu langu lipo chini yake, maneno manne: "Kila kitu kimo ramanini." Nimelisoma jibu hilo mara tano. Uso umeniwaka mpaka nikafungua dirisha, mvua ikaingia juu ya meza.

Si mtu mbaya yule mhandisi. Ameniambia upo mchoro wa pili unaoacha hatua mia mbili wazi nyuma ya machinjio, na reli za kuzuia watu wasianguke. Lakini hawezi kuufufua kwa neno la mdomo. Anataka ushahidi kwamba wanazaliana pale, na anataka masahihisho ya Ramani, yaliyosainiwa na mimi na kupokelewa na jarida lilelile lililoichapisha. "Nipe kitu cha kuweka kwenye faili, Mwalimu. Kabla ya tarehe 30."

Aprili 3

Mkuu wa Kitivo kafunga mlango, na yeye hafungi mlango.

"Masahihisho andika, sijakukataza. Ila yatoke Juni, kamati ikishapita."

"Juni zege litakuwa limeshamwagwa."

"Dada, wewe ni mtu wa Ramani. Ukienda mbele ya kamati ukasema Ramani ina shimo, watakupandisha cheo kwa lipi? Kwa mabuti yako?"

"Kwa ukweli."

"Ukweli hauna fomu ya maombi," akasema, na akaonekana amechoka. Nilitoka nikiwa nimeshamwita mwoga moyoni. Ofisini nimekaa muda mrefu sifanyi kitu. Miaka ishirini. Nilikuwa wa kwanza katika idara kufundisha na mtoto mgongoni, wa kwanza kupeleka wanafunzi kuhesabu wanyama jalalani. Uprofesa nautaka. Nautaka sana, na sioni aibu kuuandika hapa mara mbili.

Aprili 7

Mvua. Mkaguzi, saa moja na dakika arobaini na moja. Tumbo limemjaa.

Aprili 9

Mvua kubwa. Hakuja.

Aprili 10

Hakuja.

Aprili 12

Hakuja. Maji ya mfereji yamefika nusu ya ukingo na yanabeba mabati na matairi. Nimezunguka vichuguu vyote vinne, hakuna alama. Nilimwambia Mama Mpira kwamba pengine amekufa, na sauti yangu haikuwa ya kitaaluma.

"Ana tumbo, mwalimu. Mwenye tumbo hatembei hovyo." Akanipa ndoo niigeuze nikae. "Wewe hujawahi kubeba mimba?"

Nilisema nimewahi. Nikaangalia pembeni.

Kwenye darasa lake la kuhesabu mimi bado ni mwanafunzi. Ninapohesabu vichwa, yeye ananieleza nani mama wa nani. Wiki ya kwanza nilimwandika kwenye karatasi zangu kama "mtoa taarifa". Leo nimekata, nimeandika "mtafiti mwenza". Hajui, nitamwambia.

Aprili 15

Mvua. Hakuja.

Aprili 19, Jumamosi

Nataka kuandika haya yote kabla sijabadilisha nguo.

Saa mbili asubuhi Mama Mpira alinipigia simu. Hakusalimia. "Njoo, anachimba." Nilitoka na gauni la nyumbani na mabuti.

Kichuguu cha tatu, upande unaotazama mfereji. Mvua ya rasharasha. Tulijibanza chini ya kibanda cha bati wanapoweka mapipa, mimi na yeye, bega kwa bega, darubini moja. Mkaguzi alikuwa ameshaingia mpaka mabegani. Udongo ambao kiangazi unavunja jembe ulikuwa umelainika, na yeye anaukwangua kwa miguu ya mbele, anarudi nyuma, anapumzika, anaanza tena. Mchwa walimjaa usoni. Alifumba macho akaendelea. Kwenye kila mkwaruzo niliona pengo la kile kidole.

Saa tano akazama mzima, mkia tu nje. Wachinjaji wawili walikuja kuvuta sigara, wakaona, wakazizima, wakasimama na sisi. Mmoja akanong'ona, "Leo Mkaguzi anakagua mchwa," na Mama Mpira akamfinya.

Saa nane kasoro alirudi nje. Tumbo limenywea, ngozi ya ubavuni imelegea, matope mpaka machoni. Alikaa ukingoni bila kusogea, mvua ikimwosha, kwa muda wa robo saa. Halafu akaingia mferejini akaenda zake. Nilitambaa hadi kwenye shimo na tochi. Mayai meupe, nilihesabu thelathini na moja yanayoonekana, na mengine chini yake. Nimepiga picha sitini.

Nililia kidogo. Mama Mpira alidhani nimepata baridi akanivika aproni yake.

Aprili 20

Nimerudi asubuhi kupiga picha zaidi. Hakuna shimo. Mchwa wamefanya kazi usiku kucha, wameliziba lote, udongo mbichi umebaki na unyevu tu, na kufikia mchana hata huo umekauka ukafanana na kichuguu kizima. Mayai yako ndani, yamefungiwa kwenye joto na giza kwa miezi. Mtu akifika leo, hata awe mtaalamu, hata awe mimi, atasema hapa hapana kitu.

Nimekaa kwenye ndoo nikiangalia kichuguu kile muda mrefu.

Aprili 22

Nimemwambia Baba.

Tulikuwa mezani, binti yangu anafanya hesabu zake pembeni. Nikasema: "Mwaka ule mvua haikunizuia. Nilikwenda machinjio mara mbili. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, na kila nilipofika getini ile harufu ilinipindua tumbo. Mara ya kwanza nilitapika kwenye ukuta. Mara ya pili nilitapika kwenye viatu vya mlinzi. Nikarudi. Katika idara nilikuwa mwanamke peke yangu, na kulikuwa na watu wanasubiri niseme siwezi kwa sababu ya mimba. Sikuwapa nafasi hiyo. Nikaacha cheupe, na ufunguo nikaunyamazisha."

Baba aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo sababu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Sababu nzuri kabisa. Mimi nimewahi kuandika 'sikufika, nyuki'. Mwenzangu aliandika 'sikufika, mbuzi dume mkali'. Hakuna aliyetucheka. Wewe ungeandika mimba, angecheka nani?"

"Wangecheka, Baba."

"Ndiyo," akasema. "Wewe wangekucheka." Hajawahi kunikubalia kitu upesi hivyo. Akanyoosha mkono akanishika kichwani kama nina miaka sita.

Binti yangu alikuwa ameacha hesabu. "Ngoja. Mimba hiyo ni mimi?"

"Ni wewe."

"Kwa hiyo kile kipande cheupe ni mimi?" Sikujua kama ataudhika. Alijinyoosha kitini akaonekana mrefu. "Mimi niko kwenye Ramani," akasema, na usiku huo akampigia simu baba yake, anayefundisha mji mwingine na huja mwisho wa mwezi, kumwarifu.

Aprili 24

Nimeandika masahihisho. Nusu ukurasa tu, na imenichukua siku mbili. Sentensi ya pili inasema: "Sehemu ya nyuma ya machinjio mwandishi hakufika, kwa sababu alikuwa mjamzito na hakustahimili harufu ya mahali, alipaswa kueleza hivyo, na hakueleza." Kisha picha, tarehe, mayai, na majina mawili: langu na la Mama Mpira. Nimetuma kwa jarida, na nakala kwa Mkuu wa Kitivo. Hakujibu.

Aprili 28

Jarida limepokea. Mhariri ameuliza kama nina hakika na sentensi ya pili. Nimejibu kwa maneno mengi kuliko manne.

Aprili 29

Nimempelekea mhandisi kwa mkono. Aliisoma amesimama. Akasoma sentensi ya pili, akasoma tena, akaingiza kwenye faili, akapiga mhuri wa kupokea. "Asante kwa kujibu barua pepe yangu, Mwalimu," akasema bila kutabasamu. Nilipofika mlangoni ndipo akacheka. Nilistahili.

Mei 6

Mvua imepungua. Habari imeenea. Mwenzangu wa chooni ameitoa Ramani ukutani, nimeambiwa.

Mei 8

Darasani mwanafunzi wa nyuma kanyoosha mkono: "Mwalimu, na vipande vingine vyeupe?" Vipo vinne. Nikamwambia vyote nilifika na sikukuta kitu, na madaftari ya uwandani yapo, aje ayasome. Amekuja. Wamekuja kumi na wawili. Sijawahi kuwa na somo zuri kama lile.

Mei 13

Manyunyu. Mkaguzi, saa moja na dakika arobaini kamili. Amenenepa tena.

Mei 19

Mhandisi kaleta mchoro mpya. Hatua mia mbili wazi, na vichuguu vinne vimechorwa kila kimoja kwa duara jekundu. Nimempeleka kwa Mama Mpira autazame. Akauzungusha, akauzungusha tena, akasema: "Kichuguu cha nne mmekiweka mbali mno na ukuta." Mhandisi akapima kwa hatua. Kweli. Akafuta akarekebisha, na sasa anamwita Mama Mpira "bosi".

Mei 29, Alhamisi

Kamati. Watu saba, meza ndefu, maji ya chupa ambayo hakuna aliyefungua. Niliingia na kapu la madaftari ya uwandani, ya miaka yote, nikaliweka mezani likatoa sauti.

Profesa mgeni kutoka chuo kingine, mwanamke mwenye miwani ya kamba, hakuzunguka. "Daktari, ulinyamazia kipande kimoja miaka kumi na mitatu. Tutajuaje hukunyamazia kingine?"

"Hamtajua kwa kuniangalia usoni," nikasema. "Madaftari ni hayo. Kila mfereji, kila siku, na nani alikuwa na mimi. Yasomeni. Mkikuta cheupe kingine nisichokieleza, nitatoka kabla hamjaniambia."

Mmoja akauliza kama ilikuwa lazima kutaja mimba kwenye jarida la kisayansi. Nilimwambia ndiyo, maana ndiyo sababu, na sababu huandikwa.

Kisha Mkuu wa Kitivo akaomba kusema. Nilijiandaa. "Mimi nilimshauri angoje Juni," akasema. "Hakunisikiliza. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba nilikosea mimi." Akakaa na kuanza kufungua chupa yake ya maji, ambayo haikufunguka. Nilikuwa nimemwita mwoga tangu Aprili. Naliondoa neno hilo hapa, kwa wino.

Juni 3

Barua. Ombi limeahirishwa mwaka mmoja, "hadi mwombaji atakapoitembea upya Ramani yote na kuiwasilisha ikiwa kamili." Wamesifu madaftari. Nimefunga mlango wa ofisi nikalia kwa dakika ishirini, kwa hasira na kwa uchungu, maana niliutaka na nimeukosa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Halafu nikanawa uso nikachukua barua nikaisoma tena. Kuitembea upya Ramani yote. Wanadhani wamenipa adhabu!

Mkuu wa Kitivo ameitungua Ramani kubwa ukutani kwake, akaikunja, akanipa. "Irudishe ikiwa imejaa," akasema. Pale ukutani pamebaki alama nyeupe na hataki kupaka rangi.

Juni 7, Jumamosi

Mvua imekwisha. Wiki nzima hakuna tone. Leo nimewapeleka Baba na binti yangu machinjio.

Baba kavaa kofia yake ya kazi. Mama Mpira alimwamkia shikamoo, akamgeuzia ndoo yangu, na nikabaki nimesimama. Binti yangu aliishia getini ameziba pua. "Mama, siwezi. Kweli siwezi."

"Hata mara ile ulikataa hapohapo."

Aliposikia hivyo alijikaza akaingia, machozi yanamtoka, analalamika kila hatua. Saa moja na dakika arobaini maji yakamwagika mferejini, na Mkaguzi akatoka nyasini. Baba alimwangalia kwa kioo cha kukuzia ingawa alikuwa hatua thelathini mbele yake. Mkaguzi alipopita, Baba akainua kofia.

Kisha akaomba Ramani. Tuliitandaza juu ya pipa, mtoto akashika pembe mbili, mimi mbili. Kwenye nakala hii kubwa kipande cheupe kinatosha kiganja. Baba akatoa kalamu yake ya wino mweusi na kuandika kwa ule mwandiko wa ofisi, herufi zimesimama wima: "Safari ya kwanza na ya pili: mama na mwana. Hawakufika, mimba. Safari ya tatu: mama, mwana na babu. Wamefika."

Mama Mpira alikuwa amekuja nyuma yetu, mpira begani unadondosha maji. "Mmeandika nini?"

Binti yangu akamsomea.

"Na mimi?"

"Wewe tukuandikeje, mama?" Baba akamuuliza. "Ulifika lini?"

"Mimi sikufika, mzee. Mimi nilikuwepo."

Baba akaitazama Ramani. Nafasi ilikuwa imebaki kidogo sana. Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akaandika kwa herufi ndogo: "Mwenyeji alikuwepo." Kisha akaweka tarehe.